Kabla Hujanunua, Zima Data

Kifaa chenye akili kuliko vyote katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hakijawahi kuuzwa kwa jina la kifaa janja. Kina vitufe vya namba na kioo cha upana wa vidole viwili, na wenye nyumba hukikumbuka pale tu kinapoanza kulia kwamba uniti zinakaribia kwisha. Ni mita ya umeme wa kulipia kabla: LUKU kwa Mtanzania, mita ya tokeni kwa Mkenya. Itazame kazi yake kwa makini. Unalipa kwa simu, unapokea tarakimu 20, unazibonyeza moja moja, na mita inang'amua papo hapo kwamba namba hizo zimetoka kwa muuzaji halali wa umeme, kwamba zimekusudiwa yenyewe wala si mita ya jirani, na kwamba hazijawahi kutumika. Inayang'amua yote hayo bila waya wa intaneti na bila kuomba ruhusa kwa seva yoyote. Hesabu za siri zimo tumboni mwake.

Mfumo huo, unaoitwa kwa kifupi STS, ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, umeme ulipokuwa ukipelekwa kwenye makazi ambako kusoma mita na kugawa bili mlango kwa mlango kulikuwa kazi ngumu. Wabunifu hawakuwa na anasa ya kudhani kwamba mawasiliano yatakuwepo, kwa hiyo hawakudhani. Kila tokeni hubeba alama ya wakati, inayohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijahuishwa ingekataa tokeni zote za baada ya hapo. Basi wateja wa Tanzania na Kenya wakapewa makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kubadili funguo za siri na la tatu la umeme wenyewe. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki, maana kubonyeza tarakimu 60 kwenye vitufe vilivyochakaa si mchezo. Lakini tuangalie kilichofanyika nyuma ya manung'uniko hayo: kifaa kilichokaa ukutani miaka kumi na zaidi kilipata funguo mpya kwa kidole cha mwenye nyumba, bila fundi, bila Wi-Fi, bila akaunti wala neno la siri lililosahaulika. Vifaa vichache mno katika nyumba za kifahari za Ulaya na Marekani vinaweza kujigamba hivyo.

Hapo ndipo ushauri wa makala hii unapoanzia, nao unatoka kwa mtu anayevipenda vifaa, si anayeviogopa. Kifaa cha nyumbani kipimwe kwa siku yake mbaya. Siku nzuri haina mtihani. Dukani, au kwenye video ya mtangazaji, taa hubadili rangi, pazia hufunguka lenyewe, kitasa hutii simu. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: intaneti ikikatika, kifaa hiki kitabaki kinafanya nini? Kikiendelea na kazi yake ya msingi na kupoteza nakshi tu, kinastahili kuingia ndani. Kikigeuka jiwe, basi unachouziwa ni huduma ya kukodi iliyovalishwa umbo la kifaa, na bei yake uifikirie hivyo.

Chukua taa janja ya bei nafuu, ile inayouzwa pamoja na aplikesheni yake. Umekaa kwenye kochi, taa iko juu ya kichwa chako, unagusa simu kuiwasha. Kwa nyingi ya taa hizo, amri hiyo haiendi moja kwa moja darini. Inatoka kwenye simu hadi kwenye rauta, kutoka rauta hadi kwa kampuni ya mtandao, inavuka bahari kwa waya uliolazwa chini ya maji, inafika kwenye seva ya mtengenezaji katika nchi usiyoifahamu, inakaguliwa kama akaunti yako ni hai, kisha inarudi njia ileile mpaka kwenye balbu iliyo umbali wa mkono. Safari yote hiyo huchukua chini ya sekunde moja, ndiyo maana hatuioni. Lakini kila kituo cha safari ni mahali pa kukwama. Ili taa iwake inabidi simu iwe na chaji, rauta iwe na umeme, bando liwepo, waya wa baharini uwe mzima, seva iwe hewani, na kampuni iwe bado inafanya biashara hiyo. Swichi ya ukutani inahitaji umeme peke yake. Na kwa nyumba zetu nyingi, ambako intaneti ya nyumbani ni simu ya baba iliyowashwa hotspoti, kuna kituo kingine cha kuchekesha: baba akitoka kwenda kazini, nyumba inapoteza akili.

Vituo hivyo hukwama kweli. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikaona intaneti ikijikokota, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Tarehe 7 Desemba 2021 hitilafu ilitokea kwenye vituo vya seva vya Amazon huko Virginia, na watu waliokuwa majumbani mwao Marekani, wenye umeme na intaneti isiyo na kasoro, wakajikuta kengele za milangoni za Ring hazionyeshi mgeni na roboti za kufagia haziitiki amri ya simu. Miezi miwili kabla, tarehe 4 Oktoba, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita, na iliripotiwa kwamba hata vitambulisho vya kielektroniki vya wafanyakazi wa Facebook havikufungua milango ya ofisi zao. Kuna pia kukatika kwa amri. Congo ilizimiwa intaneti kwa siku 20 baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Mwenye kuweka kitasa kinachohitaji seva kwenye mlango wa mbele ayaweke matukio hayo kwenye hesabu zake, hata kama siasa haimhusu.

Kifo cha kampuni, au cha hamu yake, ni pigo la aina ya peke yake, kwa sababu hakina kesho ya kurudi. Mwaka 2014 Nest, iliyokuwa mali ya Google, iliinunua kampuni ndogo iliyotengeneza Revolv, kisanduku cha kuunganisha vifaa vya nyumbani kilichouzwa kwa dola 300. Mei 2016 seva zake zikazimwa. Visanduku havikuharibika wala havikuungua. Vilikuwa vizima kabisa, na havikuweza kufanya lolote. Linganisha na kisa kingine cha Nest hiyohiyo. Kidhibiti chake cha joto cha kwanza kilianza kuuzwa mwaka 2011, na tarehe 25 Oktoba 2025 Google ikasitisha huduma ya mtandao kwa matoleo mawili ya mwanzo. Walio navyo walipoteza uwezo wa kuvitawala kwa simu, lakini kidude chenyewe kikabaki ukutani kikipima joto na kuzungushwa kwa mkono. Kampuni ni ileile na uamuzi ni wa aina moja, ila mteja mmoja alibaki na takataka na mwingine akabaki na kifaa. Tofauti ilikuwa mahali akili ilipowekwa tangu siku ya kwanza, na hilo mnunuzi angeweza kulijua kabla ya kutoa pesa.

Kwa msomaji wa pwani na wa bara, umeme wenyewe ni sehemu ya mtihani. Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu, kwa hitilafu ya njia ya waya wa chini ya bahari unaoiletea nguvu kutoka bara, na pampu za maji zikasimama pamoja na taa. Usiku wa 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima ilizimika, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Tarehe 1 Aprili 2024 ikawa zamu ya gridi ya Tanzania. Hayo ni makubwa yaliyoandikwa magazetini. Kukatika kwa saa mbili mtaani hakuandikwi popote. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote chenye neno janja, nashauri pesa ya kwanza iende kwenye betri ndogo ya rauta. Rauta nyingi hula wati 10 hivi, na betri ya wati-saa 36, isiyozidi ukubwa wa kitabu, huiendesha kwa saa tatu. Soma kibandiko nyuma ya rauta kwanza, maana nyingine zinataka volti 12, nyingine 9, nyingine 5, na kuchanganya ni kuiua. Mwenye intaneti ya faiba akumbuke kwamba mara nyingi ana visanduku viwili, na kimoja kikizima hakuna intaneti hata kama kingine kinawaka taa zote za kijani. Pesa ya pili iende kwenye kinga ya friji na televisheni, ile inayokata umeme ukipanda au kushuka na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Hakuna anayepiga picha kinga ya friji na kuiweka Instagram, lakini inaokoa kompresa.

Watu wakiambiwa hivi hudhani wanaambiwa warudi kwenye koroboi. La hasha. Nyumba zetu zimejaa vifaa vinavyojiendesha, ila tumevizoea hadi hatuvihesabu. Jiko la wali la umeme, ambalo Toshiba ya Japani ilianza kuliuza mwaka 1955, linajua wali umeiva bila kuambiwa. Maji yakiwepo, joto la sufuria haliwezi kupita la mchemko; yakishanyonywa, joto hupanda ghafla, na katika majiko mengi ya leo sumaku ndogo iliyo chini ya sufuria hupoteza nguvu kwa joto hilo na kuachia swichi. Boya ndani ya simtanki huzima pampu tangi likijaa na kuiwasha likipungua, miaka nenda miaka rudi, na likiharibika fundi yeyote wa mtaani analibadilisha. Taa ya nje yenye jicho la mwanga huwaka magharibi na kuzima alfajiri, iwe unayo WhatsApp hewani au huna. Ukitaka nyumba inayojiendesha, anza na boya na jicho la mwanga. Hiyo ndiyo otomatiki ya kweli: hisi, uamuzi na tendo vikiwa mahali pamoja.

Swichi ya ukutani inastahili maneno yake. Ni kiungo bora kilichowahi kubuniwa kati ya mtu na umeme: mtoto wa miaka minne anaiweza, bibi aliyekuja kusalimia anaiweza, mgeni wa usiku anaipata kwa kupapasa. Balbu janja huigeuza adui. Mtu akizima swichi kama alivyozoea maisha yake yote, balbu inakufa, na aplikesheni inalalamika kwamba kifaa hakipatikani. Matokeo yake, nyumba nzima inalazimishwa kubadili tabia kwa ajili ya mpenzi mmoja wa vifaa, na vibandiko vinawekwa juu ya swichi: usizime hapa. Mwenye hamu ya taa za kuamrishwa kwa simu, na mimi naielewa sana hamu hiyo, aweke akili ndani ya swichi na kuacha balbu iwe ya kawaida. Zipo swichi za namna hiyo, zenye kitufe cha kubonyezwa na yeyote na redio ndani kwa ajili ya anayetaka. Fundi aangalie kama swichi hiyo inahitaji waya wa nyutro, kwani katika nyumba nyingi kisanduku cha swichi hakina nyutro, na hapo utatafuta aina isiyouhitaji au uache.

Kanuni hiyohiyo ya kutenganisha inafaa kwa televisheni. Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni za chogo hazikufa. Ziliongezewa king'amuzi pembeni na kuendelea kuonyesha mpira kwa miaka. Akili mpya ilikuja katika kisanduku, mwili wa zamani ukabaki. Televisheni janja imeunganisha viwili hivyo, na akili huzeeka haraka kuliko kioo: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za mwaka 2010 na 2011, ambazo vioo vyake vilikuwa bado vizuri. Ndiyo maana, ukiwa na pesa ya kuchagua, ilipie picha, yaani ubora wa kioo, na idadi ya matundu ya HDMI. Ujanja uununue katika kisanduku kidogo cha kuchomeka, ambacho baada ya miaka minne utakitoa na kuweka kingine bila kubeba televisheni begani.

Sasa mapingamizi, maana yapo na mengine ni mazito. La kwanza linasema mita ya LUKU niliyoisifu nayo ina seva mahali. Ni kweli. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulikwama Tanzania kwa siku kadhaa na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Lakini tuone ni nani aliyekaa gizani: aliyeishiwa uniti. Mwenye uniti hakuzimiwa, kwa sababu mita haikuwa inauliza kila dakika kama iendelee. Kuna tofauti kati ya kifaa kinachohitaji mtandao wakati wa kununua na kinachouhitaji wakati wa kutumia. Cha kwanza kinakupa nafasi ya kujiandaa, kuweka akiba, kuazima kwa jirani. Cha pili hakikupi hata dakika.

Pingamizi la pili ni la Mswahili aliye Muscat, London au Minneapolis anayejenga nyumba Tanga au Kisumu, au aliye na mzazi mzee anayeishi peke yake. Huyu anahitaji macho ya mbali, na kumwambia aache mtandao ni kumwambia aache nyumba yake. Jibu langu ni kwamba kamera ni kifaa cha mtandao kwa haki, ila kumbukumbu zake zisiwe za mtandao peke yake. Nunua kamera yenye tundu la kadi ya kumbukumbu, au mfumo wenye kisanduku cha kurekodi kinachokaa ndani ya nyumba, kimefungiwa kabatini. Mtandao ukikatika hutaona picha kwa wakati huo, lakini kilichotokea kitabaki kimeandikwa. Tafuta pia neno ONVIF kwenye maelezo yake. Ni kiwango cha pamoja kilichoanzishwa mwaka 2008, na kamera inayokifuata inaweza kuzungumza na kinasa cha kampuni nyingine, kwa hiyo hufungwi kwa muuzaji mmoja. Kamera zinazorekodi winguni tu kwa ada ya kila mwezi zina mantiki yake pale ambapo mwizi anaweza kubeba kinasa chenyewe. Basi tumia vyote viwili, na uhesabu ada hiyo kwa miaka mitano kabla ya kusema kamera ni rahisi.

Kamera pia ndiyo mlango ambao wageni wasioalikwa huupenda. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rauta kwa maelfu duniani kwa mbinu ya aibu: ilijaribu orodha ya majina na maneno ya siri yasiyozidi mia moja, yale ambayo kiwanda huyaweka na mnunuzi hayabadilishi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua chochote. Siku fundi anapofunga kamera zako, badilisha neno la siri akiwa bado yuko, na usimwachie lako. Mafundi wengi huweka neno moja kwa wateja wao wote ili wasisumbuke kukumbuka. Na kabla ya kuamua kamera ielekee wapi, mfikirie dada wa kazi. Yeye anaishi mle ndani saa 24. Kamera ya getini na ya uani inalinda nyumba. Kamera ya sebuleni inayomfuata dada akila, akisali, akilala mchana wa Jumapili, ni jambo lingine. Kama kuna kamera ndani, mwambie zilipo na uzitoe anapolala na anapobadili nguo. Tanzania na Kenya zote zina sheria za kulinda taarifa binafsi, lakini hapa utu unatangulia sheria.

La tatu ni bei. Vifaa vinavyotegemea wingu huuzwa rahisi, na vile vya mkopo humfikia mtu ambaye asingeweza kulipa kwa mkupuo. M-KOPA ilipoanza kuuza sola kwa malipo ya kila siku nchini Kenya mwaka 2012, kifaa kiliweza kufungwa kwa mbali mteja asipolipa, na bila kufuli hilo mkopeshaji asingethubutu kumpa sola mtu asiye na dhamana. Sina ugomvi na kufuli la namna hiyo, kwa sharti kwamba lina mwisho. Muulize muuzaji maswali matatu na uyatake majibu kwa maandishi: deni likiisha kifaa kinafunguka chenyewe au naomba kufunguliwa, kikishafunguka kinahitaji tena laini ya simu, na nikipitiwa na siku za mtandao mbovu wakati nimeshalipa, kitazima? Baadhi ya mifumo ya sola ya mkopo hufunguliwa kwa namba za kubonyeza kama LUKU, na kwa anayeishi mahali ambapo mnara hushikwa kwa kupanda mchongoma, hiyo ndiyo ya kuchagua.

Pingamizi la nne hutoka kwa mafundi wenyewe: kifaa kisichounganishwa hakipati masasisho, na kisichosasishwa kina matundu. Hoja ni nzuri, ila inahusu vifaa ambavyo tayari vimeunganishwa. Jiko la wali halina tundu la kuzibwa. Tena masasisho yenyewe hukata pande mbili. Mei 2024 Sonos ilitoa aplikesheni mpya ya spika zake iliyoondoa mambo ambayo wateja walikuwa wakiyatumia, na sakata hilo lilimfikisha mkurugenzi wake mkuu kuondoka Januari 2025. Spika zilikuwa zilezile, zimekaa rafu ileile, zimepungukiwa kwa uamuzi wa ofisi ya mbali. Anayependa mambo haya hadi yamkoseshe usingizi ana njia yake: vifaa vya Zigbee, au vya kiwango cha Matter kilichotoka mwaka 2022, ambavyo huzungumza ndani ya nyumba bila kulazimika kupita wingu la mtu, na programu ya bure ya Home Assistant inayofanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Hapo intaneti inakuwa dirisha. Ukilifunga, nyumba inaendelea. Ni kazi ya wikendi kadhaa, na si lazima kwa kila mtu.

Lililo na faida kwa kila mtu liko jikoni, na halina aplikesheni. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 lingewaka saa nzima bila kupumzika lingekula uniti moja. Haliwaki saa nzima. Likishapata mgandamizo hujizima na kujiwasha kidogo kidogo, kwa kuwa limefunikwa na joto halitoki. Maharage yanaiva kwa chini ya uniti hiyo moja. Kwa bei ya kawaida ya majumbani Tanzania, shilingi 10,000 hununua kama uniti 28, kwa hiyo maharage ya familia yanapikwa kwa chini ya shilingi 400 za umeme. Bei ya mkaa wa kazi hiyo msomaji anaijua kuliko mimi. Umeme ukikatika katikati, sufuria lililofungwa linaendelea kuivisha kwa joto lililobaki. Yapo matoleo yenye Wi-Fi, kwa bei ya juu zaidi. Maharage hayajui tofauti.

Ukifika dukani, basi, usiridhike na kisanduku kilichoandikwa janja kwa herufi za dhahabu. Mwombe muuzaji aunganishe kifaa, akionyeshe kinavyofanya kazi, kisha azime data kwenye simu yake na achomoe rauta ya duka. Kitasa kifungue kwa namba na kwa ufunguo wa chuma, na kiwe na mahali pa kugusishia betri ya nje ikiwa ya ndani imeisha. Taa iwake kwa kitufe. Kamera iendelee kuandika kwenye kadi. Muuzaji akikwambia jaribio hilo haliwezekani hapa, au kwamba mtandao wa siku hizi haukatiki, mshukuru na umuulize bei ya swichi ya boya.